Picha za figo ya mchangiaji hai: awamu ngapi za CT zinatosha, na lini renogramu ni lazima?

Nefro_Kanda aliuliza:

Wadau, salaam.

Tunaandika mwongozo mfupi wa kupima figo za wachangiaji katika hospitali ya kanda, ili mchangiaji afike kituo cha upandikizaji akiwa na picha zinazojitosheleza na asipigwe mara ya pili. Tangu upandikizaji uanze Muhimbili Novemba 2017, na Benjamin Mkapa kule Dodoma mwaka 2018, figo tunazozungumzia hapa nchini ni za watu walio hai, mara nyingi ndugu wa mgonjwa. Maana yake tunampiga picha mtu mzima wa afya, asiye na faida yoyote ya kitabibu katika kipimo hicho. Sitaki apate mionzi wala dawa isiyo ya lazima.

Vifaa: altrasaundi yenye Dopla, CT ya slaisi 64 yenye injekta, MRI ya Tesla 1.5. Gama kamera, ya kupiga renogramu (kipimo cha dawa ya mionzi kinachoonesha kazi ya kila figo), hatuna, ni mpaka asafiri.

Itifaki iliyopo ina awamu nne za CT: bila dawa ya kung'arisha mishipa, ya ateri, ya nefrogramu, na ya mkojo baada ya dakika 10. Zote zinaanzia kiwambo hadi kwenye nyonga, na jumla ya DLP (kipimo cha mionzi inayotolewa na mashine) hufika karibu 1,400 mGy·sm. Zipi zikatwe?

Jambo la pili niliweke kwa mfano. Tuseme mchangiaji ni mwanamke wa miaka 34, GFR (kasi ya figo kuchuja damu) 96, mkojo hauna protini. Altrasaundi: figo ya kulia sm 10.1, ya kushoto sm 11.3. CT: ujazo wa kulia ml 150, wa kushoto ml 178. Kulia kuna ateri moja. Kushoto ziko mbili, ya pili ina kipenyo cha mm 2 na inakwenda ncha ya chini. Mazoea ni kuchukua ya kushoto kwa sababu vena yake (mshipa unaorudisha damu) ni ndefu. Kwa mtu huyu mazoea hayo bado yanasimama? Na je, asafirishwe kwa ajili ya renogramu au ujazo wa CT unatosha kuamua?

DaktariPicha alijibu:

Nianze na mpangilio, kwa sababu hapo ndipo mionzi mingi inapopotea bure. CT iwe karibu na mwisho wa foleni. Kundi la damu, krosimachi (kipimo cha kama damu ya mpokeaji itaikataa figo), GFR, protini ya mkojo, sukari, shinikizo na altrasaundi vitangulie. Mchangiaji akikataliwa kwa krosimachi wiki moja baada ya CT, amebeba mionzi isiyomsaidia yeye wala ndugu yake. Altrasaundi ni rahisi na inawachuja wengi mapema: figo iliyosinyaa, uvimbe, figo mbili zilizoungana kama kiatu cha farasi, figo iliyo kwenye nyonga, haidronefrosisi (figo kutanuka kwa mkojo uliokwama). Tahadhari moja tu: kibofu kikijaa sana, mifereji ya figo hutanuka kidogo hata kwa mtu mzima wa afya. Akojoe, apimwe tena, kisha ndipo uandike kwamba kuna tatizo.

Sasa awamu. Zidisha DLP yako kwa 0.015, ndicho kizidishio cha tumbo: 1,400 inakupa takriban mSv 21, yaani dozi ya mionzi mwilini. Ni nyingi kwa mtu wa miaka 34 ambaye si mgonjwa. Ningefanya hivi.

Awamu ya bila dawa ibaki, lakini kwa dozi ya chini kabisa. Kazi yake ni vijiwe na kalsiamu kwenye kuta za ateri, na vyote hivyo vinaonekana hata picha ikiwa na chenga. Ifike hadi kibofu, nitaeleza sababu nikiulizwa. Slaisi zijengwe kwa mm 2 au 3. Ukijenga kwa mm 5 kijiwe cha mm 2 kinamezwa.

Awamu ya ateri ndiyo roho ya kipimo. Dawa ml 100 ya miligramu 350 za ayodini kwa ml, kasi ml 4.5 kwa sekunde, ikifuatwa na salaini ml 40 kwa kasi ileile. Weka duara la kufuatilia kwenye aota usawa wa figo, kizingiti HU 150 (kipimo cha mng'ao kwenye CT), kisha subiri sekunde 8 kabla ya kuanza kupiga. Ukianza mapema mno utapata ateri nzuri na vena tupu. Damu hupita kwenye figo haraka sana, vena za figo huanza kung'aa sekunde chache tu baada ya ateri, kwa hiyo ukichelewesha kidogo awamu moja inakupa vyote viwili: ateri bado ziko wazi, vena nazo zimejaa. Hapo awamu ya pekee ya vena haina kazi tena.

Awamu ya nefrogramu, sekunde 90 hadi 100, naibakiza kwa ajili ya nyama ya figo. Uvimbe mdogo kwenye gamba la figo unaweza kufichika katika awamu ya ateri kwa sababu gamba na kiini vinang'aa tofauti. Ipige kwenye figo peke yake, usishuke hadi nyonga.

Awamu ya mkojo ifute. Badala yake piga topogramu moja baada ya dakika 10. Ni picha bapa, dozi yake ni ndogo mno, na inatosha kukuambia kama ureta (mrija wa mkojo kutoka figo hadi kibofu) ni moja au mbili kila upande na zinapita wapi. Topogramu ikitia shaka, hapo ndipo ushuke kwenye slaisi za eneo lenye shaka tu.

Kwa mpango huo DLP ya 600 hadi 700 inafikika, yaani nusu ya ulichokuwa ukitoa au pungufu.

Kuhusu kusoma: makosa mengi hayatoki kwenye mashine, yanatoka kwa msomaji anayependa picha ya rangi ya 3D. Picha ile hujengwa kwa kizingiti cha mng'ao. Ateri ya mm 1.5 ikishuka chini ya kizingiti inatoweka, na ripoti inasema ateri moja wakati ziko mbili. Takriban mtu mmoja kati ya wanne ana zaidi ya ateri moja upande mmoja au pande zote mbili, hivyo hili si jambo la nadra. Soma slaisi za mm 1 kwenye mhimili, shuka taratibu pembezoni mwa aota kutoka ateri ya siliaki hadi aota inapogawanyika, kisha endelea kwenye ateri za iliaki (matawi yake ya nyonga), kwa sababu ateri ya ziada inaweza kuchipuka hata huko. Hesabu kila tawi linaloelekea figo. Ndipo ufungue MIP (picha inayoonesha vinavyong'aa zaidi tu), na mwisho kabisa 3D ya kumwonesha mpasuaji.

Kwenye MIP pia angalia umbo la ateri kuu katikati na mwishoni mwake. Ikionekana kama shanga zilizotungwa, hasa kwa mwanamke, ni displasia ya misuli ya ateri, na mara nyingi ipo pande zote mbili. Hilo linaweza kumtoa mchangiaji kabisa. Kwa mtu wa miaka 50 na kuendelea tazama mdomo wa ateri pale inapotoka kwenye aota, ndipo ateroma (utando wa mafuta ukutani) hukaa.

MamaCT aliandika:

Dokta amemaliza ya itifaki, mimi niongeze ya chumba cha mashine.

Kanula iwe ya kijani, G18, kwenye mkunjo wa kiwiko, mkono wa kulia ukiwezekana. Ya pinki inakubalika kama mshipa ni mzuri. Ya bluu usithubutu kwa kasi ya 4.5: injekta itakata kwa presha au mshipa utapasuka, na mchangiaji ataondoka na mkono uliovimba. Sukuma salaini ml 20 kwa mkono kwanza huku kidole kikiwa juu ya mshipa. Ukihisi kuvimba, toa, tafuta mshipa mwingine. Kanula ikae mkononi dakika 30 baada ya dawa, maana mzio mkali ukija utahitaji njia hiyohiyo.

Maji ya kunywa ni ml 500 dakika 20 kabla. Asinywe dawa nyeupe ya tumbo, kwa sababu utumbo ukiwa mweupe unafunika vena na ureta. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apime ujauzito siku hiyohiyo, si wiki iliyopita.

Voltiji: kwa mtu wa chini ya kilo 80 tumia kV 100 badala ya 120. Ayodini hunyonya mionzi vizuri zaidi nguvu ya miale ikikaribia keV 33, kwa hiyo ukishusha kV mng'ao wa ateri unapanda na dozi inashuka pamoja. Ukifanya hivyo unaweza kupunguza hata dawa, ml 70 hadi 80 zikatosha.

Pumzi ndiyo inayoharibu picha nyingi kuliko kitu kingine. Mtu akipumua katikati ya awamu ya ateri, ukingo wa figo unajirudia na ateri moja inaonekana kama mbili. Fanya naye mazoezi mara tatu kabla ya kuingia kwenye mashine: vuta, toa, vuta, shika. Kama Kiswahili si lugha yake ya nyumbani, ndugu yake amfundishe kwanza kwa lugha yao, kisha muafikiane ishara. Mweleze pia kwamba dawa itamletea joto mwilini na atahisi kama amekojoa. Asiyeambiwa hushtuka na kuvuta pumzi palepale unapoanza kupiga.

Awe katikati ya gantri. Akikaa sm 4 chini ya katikati, mashine inayojirekebishia dozi inakosea hesabu. Duara la kufuatilia lisiguse ukuta wa aota wenye kalsiamu, litajifyatua kabla dawa haijafika.

Na nawaomba sana: tumeni CD yenye slaisi zote za mm 1 katika DICOM (faili halisi za picha za hospitali). Filamu haitoshi, na picha za WhatsApp zilizopigwa kwenye skrini hazifai kabisa. Mchangiaji anapigwa upya kwa sababu hiyo tu, wakati CT yake ya kwanza ilikuwa safi.

KisuNaUzi alijibu:

Nijibu la mfano wako, Nefro. Kwa vipimo ulivyoweka, upande ninaouelekea ni wa kulia.

Kanuni ya kwanza inatangulia urahisi wa mpasuaji: figo iliyo bora ibaki kwa mchangiaji. Mwongozo wa KDIGO (shirika la kimataifa la miongozo ya figo) wa 2017 unasema hivyo wazi. Figo zikitofautiana kwa utendaji, kwa nyama, kwa mishipa au kwa njia ya mkojo, na tofauti hiyo haimzuii mtu kuchangia, inayotolewa ni ile iliyoathirika zaidi. Ya kulia ndiyo ndogo, na kwa bahati ndiyo yenye ateri moja. Kinachobaki dhidi yake ni ufupi wa vena peke yake, na huo una dawa yake.

Vena ya kushoto huwa na sm 6 hadi 10 kwa sababu inavuka aota, ya kulia sm 2 hadi 4. Kwa laparoskopi, stepla inakula karibu sm 1 nyingine. Mpasuaji wa mpokeaji anaweza kuilegeza vena ya iliaki ya nje kwa kufunga matawi yake ya nyuma, ipande juu ikutane na figo, au kurefusha vena ya figo kwa kipande cha vena ya gonadi. Kituo kisicho na uzoefu wa kulia kiseme mapema. Kuna uamuzi wa kufanya upasuaji wa wazi na kuchukua ukingo mdogo wa vena kava (vena kuu ya tumbo).

Sasa ile ateri ya mm 2 inayokwenda ncha ya chini ya kushoto. Msomaji wa picha anaweza kuiona ndogo na kuiandika kwa kupita. Ateri ya ncha ya juu ya ukubwa huo ukiifunga unapoteza kipande kidogo cha nyama, maisha yanaendelea. Ya chini ni habari nyingine: mara nyingi ndiyo inayolisha ureta ya juu. Ukiifunga, ureta inakufa taratibu na mkojo unavuja tumboni mwa mpokeaji katika wiki za mwanzo, wakati tayari yuko kwenye dawa za kushusha kinga. Kwa hiyo ingebidi iunganishwe peke yake, kwa kawaida kwenye ateri ya epigastriki ya chini ya mpokeaji, na kila muunganiko wa ziada unarefusha muda ambao figo inakaa bila damu. Ukiweza kuikwepa, ikwepe.

Ripoti ninayoihitaji ina namba, haina sentensi za "mishipa ni ya kawaida". Kwa kila ateri: kipenyo, na umbali kutoka aota hadi tawi la kwanza. Ukiwa chini ya sm 1.5 kushoto, ateri moja kwenye picha itakuwa midomo miwili mezani. Upande wa kulia usipime kutoka aota. Pima kutoka ukingo wa kulia wa vena kava, kwa sababu tawi linalojificha nyuma ya vena kava siwezi kulifikia kwa usalama. Kwa vena: urefu, kama inapita mbele au nyuma ya aota, au inaizunguka pande zote mbili. Vena za lumba zinazoingia nyuma ya vena ya kushoto zihesabiwe na zitajwe usawa wake. Ndizo zinazovuja damu bila kuonekana. Vena ya adrenali na ya gonadi zinaingia wapi. Ureta ngapi. Mafuta yanayoizunguka figo, yakiwa mengi na yameshikana, upasuaji unakuwa mrefu.

Nukilia_99m aliandika:

KisuNaUzi ameeleza upande, nami nieleze kama mtu huyu asafirishwe. Asafirishwe, lakini si kila mchangiaji.

Hesabu yake: 150 na 178 jumla ni 328. Kulia inabeba asilimia 45.7, kushoto 54.3. Ukigawa GFR yake ya 96 kwa uwiano huo unapata takriban 44 kulia na 52 kushoto. Tofauti ya ujazo ni ml 28, karibu asilimia 16 ya figo kubwa. Mwongozo wa Uingereza unaweka mpaka kwenye asilimia 10: ukubwa ukitofautiana zaidi ya hapo, au kukiwa na hitilafu ya umbo, utendaji wa kila figo upimwe kwa DMSA (dawa ya mionzi inayoshikwa na nyama ya figo). Figo zikiwa sawa kwa ujazo, nyama yake ni safi na GFR ni zaidi ya 90, ujazo wa CT unatosha na hakuna sababu ya kumpandisha basi.

Ujazo wenyewe upimwe inavyotakiwa. Chora gamba na kiini tu, acha nje mafuta na mishipa ya katikati ya figo. Programu ya bure kama 3D Slicer inatosha, slaisi za mm 2, na kwa mtu aliyezoea haichukui muda mrefu. Ule mtindo wa altrasaundi wa urefu mara upana mara kina mara 0.523 hupunguza ujazo halisi, usiutumie kuchagua upande. Tena urefu peke yake unadanganya: figo ya kushoto iliyobanwa na wengu huota nundu pembeni na inaweza kuonekana ndefu bila kuwa na kazi zaidi.

Kati ya DTPA (dawa ya mionzi inayochujwa na figo) na DMSA, kwa swali hili la mgawanyo nachagua DMSA. Dozi ya MBq 80, picha saa 2 hadi 3 baada ya sindano, kamera mbele na nyuma, kisha wastani wa kijometri wa pande hizo mbili. Ukipiga nyuma peke yake, figo iliyolala ndani zaidi inaonekana dhaifu kuliko ilivyo. Mionzi yake haifiki mSv 1. DTPA inakupa na GFR pia, lakini GFR ya kamera kwa njia ya Gates inayumba: inategemea kina cha figo kinachokadiriwa kwa uzito na urefu, na inaharibika kabisa dawa ikivuja kwenye ngozi wakati wa sindano. Kila renogramu ya DTPA piga picha ya mahali pa sindano mwishoni. Kukiwa na doa kubwa linalong'aa hapo, namba zote ni za kutupa.

GFR yenyewe ifuate KDIGO: 90 na zaidi anakubalika, 60 hadi 89 anaamuliwa kwa kuangalia umri na hatari zake nyingine, chini ya 60 hapana. Mchangiaji wa mfano akibakiwa na ya kushoto, itafidia, na kwa kawaida GFR hutua karibu asilimia 65 hadi 70 ya ile ya awali. Kwake ni kama 62 hadi 67. Ndiyo maana hizo pointi chache za tofauti kati ya kulia na kushoto zina maana: ana miaka 34, ataishi na figo hiyo moja miaka mingi.

Nefro_Kanda:

Asanteni sana. Mawili yaliyobaki. DaktariPicha umesema awamu ya bila dawa ifike kibofu, kwa nini? Na je, kuna mchangiaji ambaye MRI inamfaa badala ya CT?

DaktariPicha:

Kibofu ni kwa sababu ya kichocho. Wachangiaji wetu wengi wamekulia Kanda ya Ziwa, pwani, Unguja na Pemba, na wameoga kwenye maji yenye konokono wakiwa watoto. Kichocho cha mkojo huacha mstari mwembamba wa kalsiamu kwenye ukuta wa kibofu na sehemu ya chini ya ureta, na huo unaonekana vizuri kabla ya dawa. Dawa ikishajaa kibofuni umefunikwa. Ureta yenye kovu hupitisha mkojo kwa shida, na mchangiaji akibaki na figo moja juu ya ureta ya namna hiyo, hana akiba. Ukiona mstari huo, mkojo ukusanywe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi, na atibiwe kwa prazikwanteli mg 40 kwa kilo kabla ya kufikiriwa tena. Topogramu ya dakika 10 hapo haitoshi. Piga slaisi za ureta nzima.

Kwa mantiki hiyohiyo tazama kalsiamu ndani ya nyama ya figo. Ikiwa na umbo lisiloeleweka na kaliksi (kikombe cha mkojo ndani ya figo) iliyopinda karibu yake, fikiria kifua kikuu kabla ya kuandika "kijiwe". Kijiwe kimoja kidogo upande mmoja hakimfungii mtu mlango; apimwe kalsiamu, asidi ya yuriki, homoni ya paratiroidi na mkojo wa saa 24, na figo yenye kijiwe ndiyo inayotolewa. Vijiwe pande zote mbili ni hatari kwa mchangiaji mwenyewe. Sisti rahisi za maji, Bosniak I, ziandike na uendelee.

MRI: itumie kwa mwenye mzio mkali wa dawa ya ayodini. Inaonesha ateri kuu, vena na nyama vizuri, bila mionzi. Udhaifu wake ni kwamba vijiwe haioni, ateri ya chini ya mm 2 inaweza kuikosa, na mtu hulala ndani ya mashine nusu saa au zaidi akishika pumzi mara nyingi. Ukiichagua, ongeza CT ya bila dawa ya dozi ndogo kwa ajili ya vijiwe. Hofu kwamba dawa ya CT itaharibu figo ya mchangiaji imekuzwa mno; kwa GFR ya 96 hatari ni ndogo sana, anywe maji ya kutosha tu. Ila kreatinini na protini ya mkojo za uamuzi zichukuliwe kabla ya dawa, siku hiyo na kesho yake usizitegemee.

Resi_Nefro aliuliza:

Samahani wakubwa zangu, swali la pembeni. Kule wanakopandikiza figo za waliofariki, kwa nini bado wanachoma sindano ya biopsi wakati picha zipo?

Patholojia_TO alijibu:

Kwa sababu wanachotafuta pale ni kingine. Kwa mchangiaji hai maswali makubwa ni mishipa, umbo na utendaji, na CT pamoja na vipimo vya GFR vinajibu. Kwa figo ya aliyefariki, hasa mzee au aliyekuwa na shinikizo, swali ni kovu: kiasi gani cha nyama kimegeuka nyuzi za kolajeni. CT ya kawaida haioni hilo.

Biopsi ina kasoro zake. Kipande ni chini ya asilimia 1 ya figo, na kovu halikai sawasawa, liko hapa, pale halipo. Kikikatwa kipande cha juujuu chini ya kapsuli, glomeruli (vichujio vidogo vya figo) zilizokufa zinahesabika nyingi kuliko zilivyo, kwa kuwa eneo hilo ndilo huumia kwanza. Tena slaidi ya kugandishwa husomwa usiku, mara nyingi na mtu ambaye si mtaalamu wa figo, huku muda wa figo kukaa kwenye barafu ukienda. Marekani zaidi ya figo moja kati ya tano zinazotolewa haitumiki, na matokeo ya biopsi ni miongoni mwa sababu zinazotajwa zaidi.

Njia inayonivutia ni ya fotoakustiki. Leza hutuma mapigo mafupi ya mwanga, tishu inayanyonya, inapanuka kidogo na kutoa sauti inayopokelewa na proba ya altrasaundi. Kolajeni na damu hunyonya urefu tofauti wa mawimbi, kwa hiyo unaweza kutenganisha kovu na damu bila kuchoma. Watafiti wa Toronto walichapisha mwaka 2020 kazi ya kupima kovu hivyo kwenye figo za panya, nguruwe na binadamu. Mwanga haufiki mbali ndani ya nyama, ila gamba ndilo linalotafutwa na liko juu, na figo ikiwa nje ya mwili hakuna ngozi wala mafuta ya kupita.

Elastografia ya altrasaundi, ya kupima ugumu wa tishu, inaonekana rahisi zaidi, lakini kwa figo iliyo kwenye barafu inapotosha. Ugumu wa figo unategemea sana presha ya damu ndani yake. Ukikata damu inalegea, na figo yenye kovu inaweza kusomeka laini. Kama itatumika, iwe kwenye mashine ya kupitisha maji au damu, presha ileile kila mara. Namba ya MRI ya mtawanyiko (mwendo wa maji ndani ya tishu) nayo inashuka kwa kovu, na inashuka pia kwa uvimbe wa kukosa damu, hivyo kwa figo iliyotolewa sasa hivi huwezi kujua unasoma kipi.

Nukilia_99m:

Nefro, kabla hujampandisha mtu gari piga simu kituo kwanza. Teknishiamu, ndiyo inayotoa mionzi katika dawa hizi, ina nusu uhai wa saa 6 na jenereta yake (chombo inamozalishwa) huja kwa ndege, kwa hiyo kuna siku za wiki kamera iko ila dawa haipo au imepungua nguvu. DMSA inakuja kama chupa ya unga ya kuchanganywa, inaagizwa peke yake, ulizia nayo. Aje na CD ya CT ili tujue kina cha figo halisi badala ya kukikadiria. Na kama CT ni ya juzi, renogramu isubiri siku mbili tatu, anywe maji, kreatinini irudiwe asubuhi ya kipimo.